KUHIFADHI AKILI KWA VYAKULA VYA MIMEA: YALIYOTHUBUTU NA YALIYO MADAI TU



Jua, ewe ndugu yangu, Mwenyezi Mungu akuongoze, ya kuwa wanazuoni wa usuli wametufundisha kwamba sheria yetu imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Imamu Ghazali, naye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, ameyataja katika kitabu chake Al-Mustasfa, na akaueleza uharamu wa ulevi kuwa ni katika ulinzi wa akili. Watu wetu wa pwani, alhamdulillahi, wengi wao wameishika ngome hiyo. Lakini mwivi haingii nyumbani kwa mlango wa mbele peke yake. Mtu aweza kuishi miaka sabini hajaonja tone la tembo, kisha akili ikamtoka kwa mlango wa uani: kwa mishipa ya damu iliyokakamaa, kwa sukari iliyopanda, kwa tumbaku, na kwa sinia ambalo halijui jani wala tunda. Katika kurasa hizi nataka kueleza habari ya chakula, na hasa vile vitu vilivyomo ndani ya mimea ambavyo matabibu huviita antioksidanti, vinavyosemwa kwamba huhifadhi ubongo.

Nimeshika kalamu kwa sababu mbili. Kwanza, haupiti mwezi ila hunijia mtu madrasa akaniuliza habari ya baba yake aliyeanza kusahau rakaa, au aliyepotea njia ya kurudi nyumbani kutoka msikiti aliousali miaka arobaini. Pili, milangoni mwa misikiti siku ya Ijumaa hawakosi wauza chupa, na katika kila chupa pana maneno kwamba ni dawa ya akili, na juu ya maneno hayo limebandikwa jina la Mtume. Mmoja katika walionijia alikuwa amemwachisha baba yake vidonge vya presha muda wa miezi miwili akimpa maji ya chupa kama hizo, kwa kuwa muuzaji alimwambia dawa hiyo haichanganywi na dawa za hospitali. Mzee yule alipatwa na kiharusi. Basi usidhani, ndugu yangu, kwamba suala hili ni la mapishi tu.

Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura An-Nahl na katika Sura Al-Hajj kwamba wako miongoni mwetu wanaorudishwa katika umri ulio dhalili, hata mtu asijue kitu baada ya kuwa alikijua. Na imethubutu katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na umri huo. Tena katika hadithi ya Usama bin Sharik tumeamrishwa kujitibu, tukaambiwa kwamba kila maradhi yana dawa isipokuwa moja, nalo ni uzee. Shika mpaka huo. Uzee hauondoki kwa dawa wala kwa mboga. Lakini kupotewa na akili si uzee wenyewe. Ni maradhi yawapatayo baadhi ya wazee na kuwaacha wengine, wala hatuoni kila mwenye miaka themanini amesahau majina ya wanawe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na maradhi haya, na zaidi ya 60 katika kila 100 kati yao walikuwa katika nchi zisizo tajiri. Yaliyo mengi ni yale yaitwayo Alzheimer. Mengine hutokana na kuharibika mishipa ya damu ya ubongo, na mara nyingi hayo mawili hukutana kwa mtu mmoja. Kusahau jina la mtu kisha ukalikumbuka baada ya Isha ni jambo la kawaida. Kusahau njia ya msikitini kwataka daktari.

Sasa tuangalie ubongo wenyewe. Uzito wake kwa mtu mzima ni kama kilo 1.4, yaani sehemu 2 katika 100 za uzito wa mwili. Nao hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni tuivutayo. Ni jiko lisilozimwa usiku wala mchana. Na panapowaka moto hapakosi cheche. Oksijeni inapotumika mwilini huzaliwa chembe ndogo zilizopungukiwa, ambazo kila moja hutafuta kumpokonya jirani yake kile ilichokosa. Na jirani akiisha kupokonywa, yeye naye hugeuka mpokonyaji. Ubongo umejaa mafuta laini, na mafuta laini ndiyo mepesi mno kuharibika kwa njia hii. Mwajua nyote mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi juani yavyogeuka harufu na ladha: jambo lililoyapata mafuta hayo ni la jinsi hiyo hiyo. Mwaka 1956 tabibu wa Marekani aitwaye Denham Harman alitoa rai kwamba kuzeeka kwenyewe kuna asili katika madhara ya chembe hizi yakusanyikayo mwaka hata mwaka. Rai yake haikukubaliwa yote, lakini ilifungua mlango wa utafiti mwingi.

Wala Muumba hakuuacha mwili bila ya walinzi. Una walinzi wake unaowatengeneza wenyewe, na una wengine iuletao mimea. Mmea husimama juani mchana kutwa na hauwezi kukimbilia kivulini, basi umepewa vitu vya kujikinga, na sisi tuulapo twapata fungu katika vitu hivyo. Hivyo ndivyo antioksidanti: vitamini C, vitamini E, karotini ambayo ndiyo rangi ya manjano ya embe, na jamii kubwa iitwayo polifenoli ambamo hutoka weusi wa zambarau na wekundu wa komamanga, na ule ukakasi wa chai. Jahazi lipakwalo sifa hukaa baharini miaka. Lisilopakwa huliwa na jua na chumvi. Mfano huu wakaribia maana, ila usiushike mpaka mwisho, kwani mwili si mbao. Zile cheche zenyewe mwili huzitumia pia katika kuua vijidudu vya maradhi, na anayetaka kuzizima zote ametaka jambo lisilokuwa kheri kwake.

Ewe msomaji, katika miji yetu ni wewe uchukuaye kikapu kwenda sokoni, wala usimtupie mkeo lawama ya chakula usichokinunua. Angalia ulivyonavyo karibu nawe. Mchicha, matembele, mnavu, majani ya kunde na kisamvu vina karotini na vitu vingine vingi vyenye manufaa, na bei yake ni ndogo kuliko ya soda. Embe bivu na papai zina karotini vile vile. Pera, kwa uzito ule ule, lina vitamini C zaidi ya mara tatu kuliko chungwa, na ajabu ni kwamba twaliacha mtini wakala popo. Ubuyu nao una vitamini C nyingi, lakini nakusudia ubuyu wenyewe, si ule uliozamishwa katika sukari na rangi ambao watoto wangu wa chuoni huja nao vidole vikiwa vyekundu mpaka wakatia madoa misahafu. Lozi, njugu na mbegu za alizeti zina vitamini E. Kahawa chungu ya barazani na chai zina polifenoli, na laiti tungeliziacha na uchungu wao.

Ama karafuu, yataka neno lake. Mwaka 2010 wataalamu wa Ufaransa walitoa orodha ya vyakula na viungo 100 vilivyo na polifenoli nyingi zaidi, na kilichotangulia vyote ni karafuu: kiasi cha gramu 15 katika kila gramu 100. Mtu wa Unguja au Pemba akisikia haya hufurahi, na ana haki kufurahi. Lakini ni nani alaye gramu 100 za karafuu? Sufuria ya pilau ya watu kumi hutiwa punje chache. Kwa hiyo usifuate daraja ya kitu katika orodha. Fuata kiasi kiingiacho tumboni mwako kila siku, na hapo utaona mchicha wa kila siku umeipita karafuu ya Ijumaa.

Na upishi una sehemu yake. Vitamini C huharibiwa na moto mrefu, tena huingia katika maji. Basi mwenye kuchemsha mchicha nusu saa kisha akamwaga maji amemwaga nusu ya alichokinunua. Karotini kinyume chake haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta, na hapa mama zetu waliopika mboga kwa tui la nazi walipata sawa kabla ya maabara. Kisamvu kina hukumu yake peke yake: kina sumu, hakina budi kutwangwa na kuchemshwa sana, wala usikifupishie moto kwa kuhofia vitamini. Na aliyepewa na daktari dawa ya kuzuia damu isigande, iitwayo warfarin, asibadilishe ghafula kiasi cha mboga za majani alacho, wala kuzidisha wala kupunguza, mpaka amwarifu daktari wake, kwani majani yana vitamini K inayopambana na dawa hiyo. Vile vile mgonjwa wa mafigo asijiongezee matunda na mboga bila ya kuuliza.

Tumefika mahali pa mzozo. Je, yamethubutu haya kuhusu ubongo, au ni dhana? Wanafunzi wa hadithi wajua kwamba khabari hazina daraja moja. Iko sahihi, iko hasan, iko dhaifu, na mtu asiyetofautisha hujenga nyumba juu ya mchanga wa maji kupwa. Elimu ya tiba nayo ina daraja zake. Iko khabari ya kutazama tu: watu huulizwa walacho, wakafuatwa miaka, ikaangaliwa nani amebaki na akili. Khabari hii ina illa, kwani mla mboga huenda pia havuti sigara, atembea kwa miguu na amesoma. Nani ajuaye ni lipi lililomlinda? Daraja iliyo juu yake ni ile ya kupiga kura: watu hugawanywa mafungu mawili kwa kura, fungu moja likapewa kitu, na la pili likapewa kisichokuwa hicho, ikapimwa tofauti.

Katika daraja ya kwanza habari ni njema. Mwaka 2018, mjini Chicago, wataalamu walitoa khabari za wazee 960 waliofuatwa miaka karibu mitano. Wale waliokula mboga za majani kiasi cha sahani moja kwa siku, akili zao zilipungua polepole kuliko wale ambao hawakula ila kwa nadra, na tofauti yao ilifananishwa na upungufu wa umri wa miaka 11. Katika daraja ya pili habari ni mchanganyiko. Mjini Barcelona, katika majaribio ya kura yaliyotolewa mwaka 2015 kwa watu 447, waliozidishiwa mafuta ya zeituni au jamii ya lozi juu ya chakula cha mboga na samaki walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya akili kuliko walioambiwa wapunguze mafuta. Lakini mwaka 2023 yalitolewa majaribio mengine ya Marekani, watu 604 kwa miaka mitatu, wakilishwa chakula kilichopangwa makusudi kwa ajili ya ubongo, chenye majani na matunda madogo meusi. Na matokeo yake ni kwamba hapakuwa na tofauti ya maana baina yao na fungu la pili. Huenda miaka mitatu ni michache. Huenda fungu la pili nalo lilirekebisha chakula chake, kwani wote walipungua uzito. Mimi naona, kwa yaliyo mbele yetu, kwamba chakula cha mimea kina dhana yenye nguvu ya kusaidia ubongo kwa anayekishika miaka mingi, na dhana yenye nguvu yatosha kwa kutenda, kama tutendavyo katika furui nyingi za fikihi. Lakini haitoshi kwa kuahidi. Mwenye kukuahidi kwamba hutasahau kamwe amesema asilolijua.

Na ukitaka kuona ubaya wa kuruka kutoka dhana kwenda yakini, tazama yaliyopita katika vidonge. Watu walisema: ikiwa karoti na embe zinafaa kwa karotini, basi tuitoe karotini tuitie katika kidonge, tuwape watu nyingi. Finland walipiga kura kwa wanaume 29,133 wavuta sigara, wa miaka 50 hadi 69. Baadhi yao wakapewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku. Mwaka 1994 matokeo yalipotolewa, saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa sehemu 18 katika 100 kwa waliomeza karotini. Marekani majaribio kama hayo, ya watu zaidi ya 18,000, yalisimamishwa mwezi Januari 1996 kabla ya wakati wake kwa sababu ile ile. Embe halikumdhuru mtu, kidonge kilidhuru. Kuhusu akili hasa, dawa ya majani ya ginkgo, ambayo huuzwa duniani kote kwa jina la kumbukumbu, ilijaribiwa kwa wazee 3,069, na mwaka 2008 ikaonekana haikuzuia maradhi haya. Mwaka 2017 vidonge vya vitamini E na seleni, kwa wanaume 7,540, navyo havikuzuia. Insafu yataka niseme pia kwamba mwaka 2014 vitamini E kwa kiasi kikubwa sana iliwachelewesha baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer ya mwanzo na ya kati wasipoteze upesi uwezo wa kujihudumia. Lakini hao walikuwa wagonjwa tayari, na walikuwa mikononi mwa madaktari, wala kumbukumbu zao hazikurudi.

Sababu ya tofauti hii si ngumu kufahamu. Jani moja la mchicha lina mamia ya vitu vilivyopimwa kwa mizani asiyoijua mtu, na kidonge kina kitu kimoja kwa wingi usiopatikana katika sinia yoyote. Tena si kila kilicho na nguvu katika chupa ya maabara kina nguvu mwilini. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali la kupima nguvu za antioksidanti za vyakula, na mwaka 2012 ililiondoa, ikieleza kwamba vipimo vile havionyeshi kinachotendeka ndani ya mwili na kwamba wauza bidhaa walivitumia vibaya. Bizari ya manjano ni mfano mwema. Kitu chake kiitwacho kurkumini huzima cheche katika maabara, lakini sehemu kubwa hupita tumboni isiingie katika damu. Na wagonjwa 34 wa Alzheimer waliojaribiwa Hong Kong, khabari zao zikatolewa mwaka 2008, hawakuonekana kupata nafuu kwayo. Bizari iendelee kutiwa mchuzini, na pilipili manga karibu yake, kwani imeonekana kwamba pilipili manga huisaidia kuingia mwilini. Ila iitwe kiungo, isiitwe dawa ya kusahau.

Huenda mtu akaniuliza: na habbat sauda je? Hatukanushi hadithi yake, nayo imo katika Sahihi mbili. Lakini angalia walivyoifasiri wenye elimu. Imamu Khattabi, aliyefariki mwaka 388 wa Hijra, ameeleza kwamba tamko lake ni la jumla na makusudio ni mahsusi, yaani ni dawa ya aina fulani za maradhi, kwa kuwa hakuna mmea mmoja uliokusanya tabia zote zinazokabili maradhi yote. Ibn Hajar ameyanakili maneno yake katika Fat-hul Bari. Basi muuza chupa amwambiaye mtoto aachishe vidonge vya presha kwa hoja ya hadithi hii amechukua tamko na kutupa fahamu ya maimamu.

Watu wa zamani nao waliitafuta sana dawa ya kuhifadhi. Imepokewa kwa Zuhri, naye ni bahari ya hadithi, kwamba alimshauri atakaye kuhifadhi ale zabibu. Huo ni ushauri mwema usiodhuru, na zabibu zina polifenoli. Nami wanafunzi wangu wa hifdhi huwapa chache asubuhi, hasa kwa kuwa huacha kulia njaa. Lakini kulikuwa na dawa nyingine, baladhuri, nayo ni tunda la mti wa Bara Hindi ulio wa ukoo mmoja na mkorosho wetu. Na anayejua mafuta ya ganda la korosho yavyochoma ngozi atafahamu ukali wake. Ilisifiwa kwa kutia nguvu kumbukumbu. Na imesimuliwa kwamba mwanahistoria Ahmad bin Yahya, mwenye kitabu cha Futuhul Buldan, aliyefariki mwaka 279 wa Hijra, aliitwa Al-Baladhuri kwa sababu ya dawa hiyo: aliinywa, akapotewa na akili, akafa katika hali hiyo, na wengine wamesema aliyeinywa ni babu yake. Yeyote awaye katika wawili hao, alikwenda kutafuta ziada ya akili akapoteza aliyokuwa nayo.

Na liko la kusikitisha zaidi, kwa kuwa mwenye kulitenda ni mfanya biashara na mwenye kudhurika hajui. Katika Bangladesh wasagaji wa bizari walikuwa wakiitia rangi ya risasi, yaani madini ya risasi yaliyochanganywa na kromi, ili manjano yake ing'ae. Na risasi ni adui wa ubongo, khasa ubongo wa mtoto. Wachunguzi walipopima bizari ya masokoni mwaka 2019 walikuta risasi katika karibu nusu ya walizozichukua. Serikali ikatoza faini na kuwatangazia watu, na kufikia mwaka 2021 haikuonekana tena katika vipimo vile. Mwaijua habari ya muuza nafaka wa Madina ambaye Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu yake akakuta umaji chini yake, akamkemea kwa kuficha aibu ya mali. Umaji ule ulikuwa wa mvua tu. Itakuwaje kwa atiaye sumu? Anayeuza viungo vya unga na ajijue. Na anayenunua, bora kwake kununua mzizi mzima wa bizari akausaga nyumbani, kuliko unga wenye rangi inayong'aa kupita kiasi.

Nimekwisha kusema kwamba chakula ni mlango mmoja. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, kama yangelizuiwa, karibu 45 katika kila 100 ya wagonjwa hawa wangelisalimika au wangelicheleweshewa. Katika hayo yamo presha, sukari, mafuta mabaya ya damu, unene, tumbaku, ulevi, kukaa bila ya kutembea, kutosikia, kutoona, upweke, na kukosa elimu utotoni. Antioksidanti haikutajwa peke yake hata mahali pamoja. Lakini yatazame: presha, sukari, mafuta na unene vyote hupita katika sinia. Atiaye vijiko vinne vya sukari katika kila kikombe, akala halwa kwa kahawa, na mkate wa mofa kwa nyama ya kukaanga, kisha akanunua chupa ya dawa ya akili, huyo afunga dirisha na mlango ameuacha wazi. Na mzee asiyesikia vizuri, watoto wake wakaacha kuzungumza naye kwa kuchoka kupaza sauti, huyo apoteza mawili kwa pamoja. Mpelekeni apimwe masikio. Kumshika mkono mpaka msikitini, akatembea, akasali jamaa, akakaa barazani baada ya Alasiri, ni katika matibabu, na thawabu yake iko pale pale.

Yabaki mas'ala ambayo huulizwa sana: akiisha kupatwa mzee, hukumu yake ni ipi? Maadamu apambanua, Sala ni juu yake kwa kadiri awezavyo. Hapana ubaya akasaidiwa kutawadha na akakumbushwa rakaa. Akili ikitoka kabisa, faradhi ya Sala humwondokea wala hana kadha, na zikimrudia nyakati za fahamu husali katika nyakati hizo. Saumu haimpasi, wala haimpasi fidia, kwani fidia ya kibaba ni ya mzee mwenye akili zake asiyeweza kufunga. Lakini Zaka ya mali yake haikuondoka katika madhehebu yetu. Hutolewa na msimamizi wake. Kuuza kwake na kutoa talaka kwake katika hali hiyo hakupiti. Na watoto wake si mawalii wa mali yake kwa kuwa ni watoto tu. Kama hana baba wala babu aliye hai, basi walii ni kadhi, naye ndiye awekaye msimamizi. Nyumba ngapi zimegawanywa ilhali mwenyewe yu hai kitandani, na kila mtoto adai baba alimpa kwa ulimi wake! Aandikiaye wasia aandike angali na akili. Ama matunzo yake, chakula na dawa na mtu wa kumwangalia, hutoka katika mali yake mwenyewe kwanza. Akiwa hana kitu, ni wajibu wa wanawe wenye uwezo, waume kwa wake.

Wallahu aalam.